Maalim na Herufi za Menyu

Sitaeleza alizaliwa mtaa gani wala babu yake alikuwa nani. Hapa Ibra, mji wetu wa Oman, mtu huulizwa mambo hayo kabla hajamaliza kikombe chake cha kwanza cha kahawa, na sijaona bado majibu yake yakimfanya yeyote kuwa bora. Nitamwita Maalim, kama alivyoitwa na kila mtu, wakiwemo wasiompenda. Alisomesha jiografia na Kiingereza katika skuli ya wavulana mpaka akastaafu katikati ya miaka ya tisini, na tangu hapo, kwa miaka mingi, alikuwa mwandishi. Neno hilo ni lake mwenyewe. Mimi nilikuwa jirani yake muda wote huo, ukuta wangu na ukuta wake ni mmoja, na sikumwona akiandika.

Kazi aliyojipa ilikuwa ya maana, na hilo ndilo linaloudhi. Angekuwa amejipa kazi ya kipuuzi ningemwachia upuuzi wake. Dada yake, mkubwa wake kwa miaka mingi, alikuwa akiishi Nizwa kwa mwanawe wa kiume. Tukimwita Bi Mkubwa. Alikuwa na Kiswahili cha mjini Unguja kama kilivyosemwa kabla ya watu kutawanyika, na Kiarabu alikuja kujifunza ukubwani, akakivaa kama mtu aliyeazimwa viatu: kwa kusalimia, kwa kununua, kwa kuomba radhi. Wajukuu zake, wasichana watupu, walizaliwa Oman na mama wa Kibahla, Mwarabu wa mji wa Bahla. Kiarabu ndicho chao. Kiswahili walikiokota vipande vipande, kama watu wanaookota tende zilizoanguka. Walimpenda bibi yao, wakimbusu mkono na kichwa, na kila alipoanza kusema kitu cha maana walitabasamu kwa adabu na kusubiri amalize.

Yeye alilijua hilo. Alimwambia nduguye mbele yangu: "Niandikie maneno yangu, na maana yake kwa Kiarabu, hawa watoto wanifahamu ningali hai. Nikishakufa watanifahamu ya nini?"

Maalim aliapa kwa Mwenyezi Mungu kuwa atamwandikia. Kisha akanunua kompyuta.

Lazima nieleze kidogo, kwa faida ya wale ambao Mungu amewaepusha na vyombo hivi. Programu ya kuandikia huwa na herufi za namna mbili. Kuna zile za ukurasani, ambazo ndizo maandishi yako, na kuna zile za menyu, zilizojipanga juu kabisa ya kioo, zenye amri za kufungua, kuhifadhi, kupiga chapa na mfano wa hayo. Herufi za menyu ni kama majina yaliyobandikwa milangoni katika ofisi ya serikali. Mtu huyasoma siku ya kwanza, akishajua mlango ni upi hayatazami tena mpaka anastaafu. Maalim hakuweza kupita mlangoni bila ya kusimama.

Programu ya kawaida, iliyokuja na kompyuta, aliikataa. "Hiyo ya makarani," alisema. Mwanafunzi wake wa zamani, mhandisi katika mafuta, akamletea nyengine, kavu, isiyo na pambo lolote, ambayo kila kitu chake mwenyewe aliweza kukibadilisha kwa kuandika amri katika faili la mipangilio, kuifunga programu, na kuifungua upya aone kimetokea nini. Sidhani Maalim angeweza kupewa kitu cha hatari zaidi, hata kama angepewa bunduki, kwani bunduki angalau angeogopa kuishika.

Siku ya kwanza alikuza herufi za ukurasani, na alikuwa na haki, macho yake yalikuwa ya mtu mzima. Ukurasa ukakua. Menyu ikabaki vile vile, ndogo na nyembamba. Aliichukulia kama dharau. Akampigia simu mhandisi, akaelezwa kuwa herufi za ukurasa zina amri yake, na za menyu zina amri yake mbali, hazifuatani. Alikuja kwangu asubuhi ile ile na uso wa mtu aliyearifiwa kuwa ana shamba asilolijua.

"Kumbe kuna amri nyengine," aliniambia.

"Na utaanza lini maneno ya Bi Mkubwa?"

"Nikishaiweka sawa hii."

Tangu siku hiyo hakuwa na mazungumzo mengine. Herufi zenye vikucha miguuni aliziita zenye viatu, na zisizo navyo aliziita pekupeku. Alinikalisha mbele ya kioo akaniambia niitazame herufi moja ya menyu, a ndogo, mpaka macho yakanitoka machozi.

"Tazama. Inakwenda pekupeku mbele za watu."

"Maalim, hilo ni neno la kuhifadhia tu."

"Ndiyo maana. Bawabu akivaa vibaya, mwenye nyumba atadhaniwaje?"

"Atadhaniwa yumo ndani anafanya kazi."

"Nyinyi watu wa bara," akasema, "nyinyi mnaweza kula chakula juu ya gazeti." Familia yangu ilitokea Tabora, na hilo kwake lilikuwa jibu la kila hoja. Kiswahili changu alikiita cha kituo cha malori. Nilikuwa nimesoma vitabu zaidi yake, naye alilijua hilo, ila alisema nimevisoma kwa lafudhi mbaya.

Akazivisha viatu. Zilipokuwa na viatu akaziona nyembamba, akazinenepesha. Zilipokuwa nene akaziona zimebanana, akazitanua. Menyu ikakua mpaka neno la mwisho upande wa kulia, lile la kuombea msaada, likasukumwa nje ya kioo, lisionekane tena. Nilimwonyesha. Akasema hakuwahi kulihitaji. Ukurasa wenyewe, mahali pa kuandikia, ulikuwa umebaki kama kibaraza chini ya paa la msikiti.

Haya yangekuwa mambo ya mtu na nyumba yake, lau si adabu zetu. Kwetu mwenye nyumba akikuonyesha chake, husemi kibaya. Unasema mashaallah, kwa kuepusha kijicho na kwa kumkirimu aliyekukirimu, na baada ya hapo huna ruhusa ya kuongeza lakini. Kila Ijumaa, watu wakishatoka msikitini na wakishakula, majlisi ya Maalim, chumba chake cha wageni, hujaa. Kahawa huzunguka, tende na halwa huzunguka, kila mmoja huuliza khabari za kila mmoja, na khabari zikishaisha Maalim huvua kitambaa cha darizi alichoifunikia kompyuta. Watu wazima wenye majambia ukutani kwao, waliouza magari na kuchimba visima, huinamisha vilemba vyao mbele ya kioo kutazama namna neno la kupigia chapa lilivyonenepa tangu Ijumaa iliyopita.

"Mashaallah, Maalim. Zein."

"Mnaona tofauti?"

"Kubwa mno. Mashaallah."

Muuza matairi mmoja, mtu wa Sur aliyeoa Ibra, aliwahi kuuliza, kwa nia njema kabisa: "Na kile kitabu cha Bi Mkubwa?"

"Kinakuja. Sasa tunatengeneza mlango."

Na majlisi nzima ikatikisa kichwa kwa kuridhika, kwani nani kati yetu hajajenga mlango wa mbao ya kuchonga kabla hajaweka bati jikoni? Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na ni kosa la watu wenye malezi mema tu. Alisifiwa mlango, akaamini kuwa nyumba imesifiwa. Mji mzima wenye adabu ulimsaidia mtu mmoja kutofanya kitu.

Nisidhaniwe kuwa alikuwa mvivu. Alikuwa mwingi wa bidii. Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, hakupitwa na rakaa, aliwasomesha watoto wa jirani hesabu bila ya kutaka hata asante, na mtu akiuguliwa yeye ndiye wa mwanzo kufika na wa mwisho kuondoka. Na alipokuwa skuli hakuna aliyechukia mapambo kuliko yeye. Mmoja wa wanafunzi wake, sasa ni ofisa wa polisi mwenye tumbo, alinihadithia kuwa Maalim aliwahi kulitupa dirishani daftari lake kwa sababu kichwa cha habari alikipigia mistari ya rangi mbili na chini yake hakuandika jibu. Nilimkumbusha Maalim kisa hicho. Nilidhani nimembana.

"Yule alikuwa hana la kusema," akanijibu. "Mimi ninalo."

Mara moja tulikwenda pamoja Ashkhara kununua papa mkavu, safari ndefu, jua kali, na njia nzima aliyasoma mabango. Hakujali yanasema nini. Alitazama yamevaa nini. Alinishika mkono wa usukani kunionyesha namna Kiarabu cha bango fulani kilivyosimama imara na Kilatini chake kilivyolegea chini yake kama nguo iliyoanikwa. Bango lilikuwa likitahadharisha juu ya ngamia. Ngamia mwenyewe alikuwa keshafika katikati ya barabara, na ni kwa rehema ya Mungu na breki za gari kwamba leo ninaandika haya.

Kuna jambo moja ambalo sikulitarajia, nami ni muungwana wa kutosha kulisema. Maalim alikuwa na kalamu. Katika lile faili la mipangilio mtu anaruhusiwa kuweka maelezo pembeni ya amri, ambayo kompyuta huyaruka bila ya kuyasoma, na yeye aliyaweka kwa Kiswahili. Aliniachia niyasome siku moja alipokuwa akitawadha. Alieleza kwa nini unene wa jana uliondolewa, kwa nini nafasi baina ya maneno imepunguzwa, namna herufi fulani ilivyomkumbusha mwendo wa mwanamke aliyebeba maji kichwani. Kilikuwa Kiswahili safi, kilichonyooka, chenye maneno ambayo mimi sikuwahi kuyaona kwenye maandishi. Yale yale aliyotakiwa kumwandikia dada yake, mengine yalikuwemo humo, yamewekwa mahali ambapo hata mashine imeamrishwa isiyatazame.

Nimefikiri sana kwa nini mtu mwenye kalamu kama ile aiogope kazi. Nadhani ni hivi. Ukurasa mtupu unakuuliza wewe ni nani. Menyu haiulizi kitu. Menyu ndiyo sehemu pekee ya kioo ambayo mtu mwengine keshaiandika. Hapo unaweza kuhangaika maisha yako yote, ukachoka kwa haki, na usigundulike. Wako wanaofanya hivyo kwa misikiti, wakabadilisha mazulia na wasisali. Maalim alifanya kwa herufi, na alisali.

Safari moja alikubali kwenda kuandika pale pale maneno yalipo. Tulipakia kompyuta katika gari yangu, tukaizungushia mablangeti kama mgonjwa, tukashika njia ya Sinaw na Izki mpaka Nizwa. Kioo tulikiacha Ibra kwa uzito wake, kwa kuwa mwana wa Bi Mkubwa alikuwa na chake. Bi Mkubwa alikuwa amejitayarisha. Alivaa leso mpya, akajifukiza udi, na alikuwa keshapanga kuwa siku hiyo ni maneno ya jikoni. Mjukuu wake mkubwa, wakati huo yuko madarasa ya kati, alikaa ubavuni mwake na kipande cha halwa mkononi.

Maalim akaunganisha nyaya, akawasha. Kioo cha pale kilikuwa kidogo kuliko chake, na menyu yake kubwa haikuenea.

"Mwiko," alisema Bi Mkubwa. "Anza na mwiko. Kisha upawa. Wasije wakadhani ni kitu kimoja."

"Subiri, dada. Menyu imevunjika mistari miwili."

"Nani kaivunja?"

"Hakuna aliyeivunja. Kioo ni kidogo."

"Basi andika kidogo kidogo."

Msichana akamwuliza bibi yake kwa Kiarabu upawa ni kitu gani. Bi Mkubwa akakunja mkono, akachota mchuzi kwenye sufuria isiyokuwepo, akaumimina taratibu juu ya wali usiokuwepo, na msichana akacheka kwa kuwa alifahamu. Bibi akamgeukia nduguye. "Unaona? Huyo keshapata moja. Mwandikie."

"Nitamwandikia. Nipe nafasi nitengeneze juu kwanza."

"Juu kuna nini?"

"Kuna majina ya kazi. Kufungua, kuhifadhi, kupiga chapa."

"Umeshafungua?"

"Nimefungua."

"Una cha kuhifadhi?"

Maalim aliinama kwenye kibodi. Adhana ya alasiri ilimkuta akifunga na kufungua. Chai ikaja, ikapoa. Msichana akaondoka kwenda kutazama televisheni. Karibu na magharibi menyu ikakaa mstari mmoja, imepungua unene lakini ina viatu vyake. Bi Mkubwa alikuwa amesinzia hapo hapo kwenye mto. Maalim akamwamsha aje aone. Dada mtu hakujua herufi za Kilatini, alisoma za msahafu tu, lakini alikitazama kioo kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta jambo la kusifu.

"Nzuri," akasema. "Kama kibao cha duka lililofungwa."

Njiani kurudi Ibra, Maalim alikuwa amefurahi. "Dada amependa," aliniambia. Nikaongeza mwendo.

Miaka ikapita kwa namna hiyo. Kompyuta zikabadilika, vioo vikawa vyembamba, na kila kipya kilipokuja herufi zote zilikataa kukaa kama alivyoziagiza na kazi ikaanza upya. Kila alipokwenda Nizwa kwa Idi, Bi Mkubwa alimwuliza, kila alipoulizwa alisema kimebaki kidogo, na wasichana wakawa wanawake.

Kisha Bi Mkubwa akapata kiharusi. Kilimchukua upande mmoja wa mwili, na kilimchukua Kiarabu. Madaktari walisema hutokea. Lugha iliyokuja mwisho ndiyo iliyoondoka mwanzo. Akabaki na Kiswahili chake peke yake, kizima, katika nyumba ambayo mkwewe wa Kibahla hakijui na wajukuu wanacho vipande tu, na mwanawe anayekijua yuko kazini Maskati mpaka mwisho wa wiki. Mchana kutwa aliomba mambo kwa maneno mazuri na wakamletea maji. Alipokwishaletewa maji mara nyingi alinyamaza. Mjukuu mkubwa, ambaye sasa alikuwa akisoma chuoni hapo hapo Nizwa, ndiye aliyempigia simu Maalim. Nilimpeleka mimi.

Chumba kilikuwa safi na baridi. Bi Mkubwa amelala ubavu, ameuelekea mlango. Msichana akatupa shikamoo, akatuwekea viti upande huo huo wa mlango, mbele ya uso wake, na kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa Maalim alikuwa mtu ambaye nilikuwa nikimsubiri tangu astaafu. Dada yake akasema, naye akafasiri. Bega linamuuma chini, si juu. Mto huu una joto, anataka ule wa pamba. Na mwambie mama yako mchuzi ni mzuri, chumvi ndiyo haina. Mkwe, aliyesimama mlangoni, aliposikia la chumvi kwa Kiarabu alijifunika uso kwa shela akacheka na kulia pamoja.

"Babu," akasema msichana, "ile kitabu ya bibi iko wapi?"

"Kile kitabu kiko wapi," akamsahihisha.

"Ndiyo, babu. Kiko wapi?"

Maalim alikinywea kikombe chake kilichokwisha kahawa. "Kimebaki kidogo."

Msichana akatoka, akarudi na kompyuta yake ndogo ya chuoni, akaifungua juu ya mapaja, akaendelea kwa Kiarabu. "Basi tuandike sasa. Bibi atasema, wewe utaandika kwa Kiswahili, mimi nitaweka Kiarabu. Leo tutaanza, wallahi." Akamkabidhi.

Maalim akavaa miwani. Nilimwona akitazama ukurasa mweupe, kisha nikayaona macho yake yakipanda juu.

"Nani kakuwekea herufi hizi?"

"Zimekuja hivyo hivyo, babu."

"Mtu hawezi kufanya kazi namna hii. Humu ndani hapana mwanga, ngoja." Akanyanyuka na kompyuta, akazunguka kitanda, akaenda kukaa kwenye kiti cha dirishani, nyuma ya mgongo wa dada yake, akaanza kutafuta mahali herufi za menyu zinapobadilishiwa.

Bi Mkubwa alikisikia kiti. Akajaribu kukigeuza kichwa, hakikugeuka. "Nigeuzeni," akasema. "Nigeuzeni nimwone ndugu yangu."

Msichana alinyanyua uso. "Babu, anasema nini?"

"Nani?" akauliza Maalim, macho yako kwenye kioo.

Nikamfasiria mimi. Msichana akatia mkono mmoja chini ya bega la bibi yake na mwengine chini ya nyonga, akamgeuza taratibu mpaka akaelekea dirishani. Bi Mkubwa akamtazama nduguye kwa muda, vidole vya Maalim vikigonga kibodi, midomo yake Maalim ikisema kitu peke yake. Kisha Bi Mkubwa akasema tena neno lile lile, nigeuzeni, na mara hii msichana hakuhitaji mfasiri: akamgeuza auelekee mlango.